Bluetooth
Bluetooth ni teknolojia ya redio ya masafa mafupi inayounganisha simu, spika, hedfoni na vifaa vingine bila waya. Ilianza kubuniwa mwaka 1994 katika kampuni ya Ericsson, Uswidi; jina linatokana na Harald Bluetooth, mfalme wa Denmark wa karne ya 10. Hutumia masafa ya gigahezi 2.4, ikihamahama kati ya chaneli 79 hadi mara 1,600 kwa sekunde ili kukwepa mwingiliano. Simu nyingi hufikia takriban mita 10.

Haihitaji bando wala mnara. Hivyo hata vijijini, kama Natta wilayani Serengeti, mkoani Mara, watu huweza kurushiana nyimbo: jina la simu ya mpokeaji hutokea kwenye kioo cha mtumaji, naye mpokeaji hubonyeza kukubali.