Bata Mzinga 100,000 na Unga Wako wa Ugali

Hebu nikuulize: ukinunua paketi ya unga dukani, unajuaje kama ni salama? Utaangalia tarehe, labda utanusa. Sasa kuna sumu isiyo na harufu wala ladha, na sayansi iliijua kupitia vifo vya bata mzinga.

Mwaka 1960 huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000, wengi wao wachanga, walikufa ndani ya miezi michache. Walipopasuliwa, maini yalikutwa yameharibika. Wataalamu wa mifugo wakatafuta vijidudu vya maambukizi, wakakosa. Kwa kukosa jina, wakauita "ugonjwa X wa bata mzinga".

Baadaye wakaangalia walichokuwa wanakula. Mashamba mengi yaliyopata hasara yalinunua chakula kutoka kiwanda kimoja cha London, na ndani yake mlikuwa na mashudu ya karanga kutoka Brazil. Basi tatizo ni Brazil? Kumbe wala! Karanga za Uganda zilipopimwa, sumu ileile ilikuwemo.

Mtengenezaji wake ni kuvu aitwaye Aspergillus flavus. Chukua A ya jina la kwanza, fla ya jina la pili, ongeza toksini: aflatoksini. Wengi wetu tunaiita sumukuvu. Ukiimulika kwa mwanga wa urujuanimno inang'aa, aina nyingine bluu, nyingine kijani, na hivyo ndivyo wanasayansi walivyoweza kuiona.

Kwa nini kiwanda kina uzito hapa? Gunia moja bovu likibaki ghalani kwako, linadhuru nyumba moja. Likisagwa pamoja na magunia mengine, linafika kwa watu wasiojuana kabisa.

Lakini usidhani cha nyumbani ndiyo salama. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, waliugua watu 317 na 125 wakafariki. Mengi ya mahindi waliyokula yalikuwa ya mashamba ya hukohuko, yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Na kuchemsha hakusaidii sana, kwani sumukuvu huvumilia moto wa jikoni. Ukiila kidogokidogo kwa miaka, huongeza hatari ya saratani ya ini.

Tofauti ni hii: kiwanda kina uwezo wa kupima kila shehena kabla ya kusaga. Novemba 2019, shirika la viwango la Kenya lilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa kuzidisha kiwango cha sumukuvu. Yaani unga ulishafika madukani, pengine na mezani, ndipo ukazuiwa.

Kwa hiyo kausha mahindi vizuri, chambua yaliyoota ukungu, na udai viwanda vipime mapema. Mwaka 1960 waliopima chakula bila kujua ni bata mzinga. Leo maabara zipo. Mahindi yakisagwa bila kupimwa, anayeyapima ni wewe na wanao.