Mtoto wa kambi na mtoto wa cité: munganga alikuwa wa nani?

Huku Lubumbashi wazee wakianza kuzungumzia masomo ya miaka ya 1950, hawakawii kusifu: mtoto alikuwa anapimwa uzito, anadungwa sindano, anakulishwa, na dawa ilikuwa karibu. Hawasemi uongo. Lakini mwenye kusoma historia lazima aulize: mtoto gani? Maana katika mji ule mmoja, batoto hawakuwa wote wa munganga mmoja.

Turudi nyuma kidogo. Mji wa Élisabethville ulianzishwa mwaka 1910, na mwaka 1911 kiwanda cha Union Minière kikayeyusha shaba ya kwanza. Wakati ule kampuni ilitaka wanaume tu, wenye nguvu, kwa kontra ya miezi michache. Waliishi bila bibi, bila batoto, wakifa wengi kwa nimonia, kuhara na magonjwa mengine. Kila aliyekufa au kurudi kijijini, ilibidi kutafuta mwingine mbali, na kumtafuta kulikuwa gharama kubwa.

Kuanzia mwaka 1928 hivi, kampuni ikabadili hesabu. Ikaanza kutoa kontra za miaka 3 na kumwambia mfanyakazi aje na bibi yake. Mtu aliyekuwa mbele kabisa katika siasa hiyo alikuwa munganga, Léopold Mottoulle, aliyeongoza mambo ya wafanyakazi weusi wa kampuni, na mwaka 1946 alitoa kitabu kuieleza. Wazo lenyewe lilikuwa wazi: mtoto anayezaliwa kambini, akikua na afya na akifundishwa vizuri, njo mfanyakazi wa kesho. Hakuna tena haja ya kwenda kumtafuta Kasai, Lomami ao Rwanda.

Hapo njo utaelewa sababu gani afya na masomo vilishikana. Mama alifuatwa tangu mimba. Mtoto akizaliwa, alipelekwa kwenye mizani kila mara. Akikua kidogo, alipewa chakula kwenye kantini ya batoto, mbele ya macho ya wasimamizi, kwa sababu kampuni haikuwa na hakika kama posho iliyotolewa kwa wazazi ingefika kweli katika sahani yake. Akifika umri wa masomo, aliingia shule ya kambi iliyoshikwa na wamisionari, hasa Wabenedictini wa Mgr de Hemptinne. Dispansere ilikuwa kambini humo humo. Mwalimu, muuguzi na kiongozi wa kambi walifanya kazi chini ya kampuni moja. Mtoto asiyeonekana darasani, ilikuwa rahisi kujua kama ni mgonjwa ao anacheza.

Matunda yalionekana. Kufikia miaka ya 1950, batoto wa makambi walikuwa wanakufa kidogo sana kuliko zamani, na makambi yakajaa vijana.

Sasa tuvuke barabara, tuingie cité: commune Albert (leo Kamalondo), Kenya, kisha Katuba na Ruashi. Huko waliishi maboi, wafundi, wachuuzi, makarani, na wafanyakazi wa kampuni ndogo. Mtoto wa huko alikuwa na shule ya misheni, dispansere na hospitali ya serikali, lakini hakuwa na kampuni yenye faida ya kumfuata kuanzia mizani mpaka darasa. Na mtoto wa muzungu? Yeye alikuwa ng'ambo ya ukanda mtupu uliotenga mji wa wazungu na cité, ukanda uliotetewa kwa jina la afya, eti mbu wa malaria wasivuke. Shule yake mbali, hospitali yake mbali. Mji mmoja, batoto wa namna tatu.

Hata kambini, huduma ile ilikuwa na bei. Mama asiyeleta mtoto kupimwa aliweza kupunguziwa posho. Kiongozi wa kambi aliingia mpaka jikoni. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Université ya Lubumbashi ameeleza vizuri namna kampuni ilivyochukua nafasi ya baba katika nyumba ya mfanyakazi. Kitabu chake cha mwaka 2001 kinawaita batoto wa Shaba «walioachwa na baba yao». Baba huyo ni kampuni.

Na kweli iliwaacha. Union Minière ilitaifishwa mwanzo wa 1967, ikawa Gécamines, ikaendelea na shule na hospitali zake. Katika miaka ya 1980 ilikuwa inatoa tani zaidi ya 400 000 za shaba kwa mwaka. Kufikia 1994, hazikufika 50 000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 waliondoka kwa mpango wa «kuondoka kwa hiari». Baba akipoteza kazi, mtoto naye anapoteza munganga, hata kama homa yake ni ile ile ya jana.

Hapo njo ninaona somo la historia hii. Huduma ile ilifaulu kwa sababu ilimfuata mtoto pale alipo, shuleni. Ilianguka kwa sababu haikuwa haki ya mtoto. Ilikuwa mali iliyotundikwa kwenye kontra ya baba yake. Na sheria yetu ya kazi ya 16 Oktoba 2002 bado inafuata njia ile: mwajiri njo anapaswa kutunza mfanyakazi, bibi ao bwana, na batoto. Ni vizuri. Lakini mtoto wa mama anayeuza makala Katuba, mwajiri wake ni nani?

Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure. Ni hatua kubwa. Lakini mlango wa darasa ukifunguliwa bila mizani na bila muuguzi, tumefungua nusu tu. Wazungu wa kampuni walipima batoto kwa kutafuta wafanyakazi. Sisi tuna sababu bora kuliko hiyo. Tunangoja nini?