Stabilaiza: Kinga ya televisheni na redio yenye mipaka yake

Na Mwandishi Wetu

KUUNGUA kwa televisheni, redio na ving'amuzi kutokana na umeme usiotulia ni hasara inayozikumba familia nyingi nchini, hasa katika maeneo ambayo nyumba zimeongezeka upesi kuliko transfoma. Wapo wanaonunua stabilaiza baada ya chombo kuungua, na wapo wanaoshangaa kuona chombo kinaungua huku stabilaiza ikiwa imewashwa. Hali hiyo hutokana na kutofahamu kazi ya kifaa hicho na mahali inapoishia.

Umeme wa majumbani Tanzania ni wa volti 230. Viwango vya kimataifa vya IEC huruhusu msongo huo kupanda au kushuka kwa asilimia 10, yaani kuwa kati ya volti 207 na 253. Nje ya mipaka hiyo, vyombo huanza kuwa hatarini.

Umeme hushuka zaidi nyakati za jioni, watu wanapopika, kupiga pasi na kuwasha taa kwa pamoja. Nyumba zilizo mwisho wa njia, mbali na transfoma, ndizo huathirika zaidi. Hupanda ghafla pale unaporejea baada ya kukatika, au vyombo vikubwa vinapozimwa kwa wakati mmoja.

Hatari kubwa kuliko zote ni kukatika kwa waya wa nyutro. Katika njia ya fezi tatu, msongo kati ya fezi moja na nyingine ni volti 400. Nyutro ikikatika, nyumba zilizo kwenye fezi tofauti hugawana msongo huo bila usawa. Yenye vyombo vichache vilivyowashwa hupata umeme mkubwa, na yenye vyombo vingi hupata mdogo. Ndiyo maana wakati mwingine mtaa mzima huunguza vyombo kwa dakika chache.

Namna inavyofanya kazi

Ndani ya stabilaiza kuna transfoma yenye matoleo kadhaa. Umeme ukishuka, kifaa huhamia kwenye toleo linaloongeza volti. Ukipanda, huhamia kwenye linalopunguza. Katika stabilaiza za kawaida, kazi hiyo hufanywa na swichi ndogo ziitwazo rilei, na mlio wa "tak, tak" unaosikika ni wa swichi hizo. Kwa kuwa marekebisho yake huenda kwa hatua, umeme unaotoka hauwi sawasawa kabisa, lakini hubaki katika kiwango ambacho vyombo vingi huvumilia.

Aina ya pili hutumia mota ndogo inayosogeza brashi juu ya nyaya za transfoma. Hiyo hurekebisha kwa usahihi zaidi, lakini huchelewa kidogo umeme unapobadilika ghafla, na brashi yake huchakaa.

Je, kila chombo kinaihitaji?

Kabla ya kununua, msomaji asome maandishi yaliyo nyuma ya chombo chake. Televisheni bapa na ving'amuzi vingi vya kisasa vimeandikwa volti 100 hadi 240. Vyombo hivyo hujirekebisha vyenyewe umeme unaposhuka, hivyo adui yake mkubwa ni umeme unaopanda. Kwa mwenye vyombo hivyo pekee, kifaa cha bei nafuu kinachokata umeme unapozidi kiwango, na kusubiri kidogo kabla ya kuurudisha, chaweza kutosha.

Hali ni tofauti kwa amplifaya na redio kubwa zenye transfoma nzito ndani, ambazo huandikwa volti 220 hadi 240. Umeme ukishuka, nguvu ya sauti hupungua na muziki mzito hukwaruza. Ukizidi, transfoma hupata moto na kapasita huweza kupasuka. Hapo ndipo stabilaiza ina faida ya wazi.

Anayenunua chombo kilichotumika ng'ambo awe makini. Kilichoandikwa volti 110 au 120 pekee, kama vingi vya Marekani, kinahitaji transfoma ya kupunguza umeme. Stabilaiza ya kawaida itakiunguza, kwa sababu hutoa volti zinazokaribia 230.

Kuchagua ukubwa

Jumlisha wati za vyombo vyote vitakavyounganishwa. Kwa mfano, televisheni ya wati 100, king'amuzi cha wati 20 na mfumo wa muziki wa wati 300 ni jumla ya wati 420. Stabilaiza hupimwa kwa VA, hivyo gawa wati hizo kwa 0.7 upate VA 600, kisha ongeza asilimia 30 ya akiba, ambayo ni VA 780. Inayofaa ni ya VA 1000. Akiba ni muhimu kwa sababu umeme unapokuwa mdogo, stabilaiza huvuta mkondo mkubwa zaidi na kupata moto.

Friji isiunganishwe kwenye stabilaiza hiyo hiyo, kwani kompresa huvuta umeme mwingi kila inapowaka. Vilevile hakikisha stabilaiza ina uwezo wa kukata umeme unapopita kiwango chake. Isiyo na uwezo huo haina msaada nyutro inapokatika. Tarakimu zinazowaka mbele yake si uthibitisho. Muuzaji aombwe kupima umeme unaotoka kwa mita.

Nyumbani, iwekwe mahali penye hewa, isifunikwe kitambaa, na iwe mbali kidogo na amplifaya ili mvumo wa transfoma yake usiingie kwenye spika. Soketi iwe na waya wa ardhi unaofanya kazi.

Stabilaiza haizuii radi. Mvua ya ngurumo inapokaribia, chomoa plagi ukutani na pia waya wa antena au dishi, kwani radi huweza kupitia huko. Aidha, kifaa hicho hakihifadhi umeme. Umeme ukikatika, nacho huzima. Na umeme ukikatika usiku, ni vyema kuzima vyombo na kusubiri dakika chache baada ya kurejea.

Mwananchi ambaye vyombo vyake vimeungua kwa hitilafu ya njia ya umeme anapaswa kutoa taarifa mapema kwa shirika linalomhudumia, huku akitunza vyombo hivyo, risiti zake na namba ya taarifa aliyopewa. Asiporidhika na majibu, anaweza kupeleka malalamiko EWURA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001. Fundi asiruhusiwe kufungua chombo kabla ya ukaguzi, kwani ushahidi ukipotea, madai hudhoofika.