Daudi na Tindikali ya 1843

Sanamu ya Daudi iliyochongwa na Michelangelo ilisimama nje, mlangoni mwa jumba la Palazzo Vecchio mjini Florence, tangu 1504 hadi 1873. Mvua na jua la miaka hiyo yote viliichakaza. Tena ghasia zilizozuka mjini humo mwaka 1527 zilimvunja Daudi mkono wa kushoto vipande vitatu. Lakini ukiniuliza mimi, waliomuumiza zaidi ni waliokuja kumsafisha.

Jiwe lenyewe lilitoka machimbo ya Carrara, tena halikuwa la daraja la kwanza. Lilijaa vitundu vidogo vidogo. Mafundi wengine walikwishalichezea wakalitelekeza uani, hadi Michelangelo alipolikabidhiwa mwaka 1501. Alilichonga kwa patasi yenye meno, kisha akafuta alama za meno hayo kwa kusugua na kusugua, mpaka ngozi ikalainika. Usidhani ni urembo tu. Uso laini humwaga maji upesi. Uso wenye mikwaruzo huyakalisha, na maji ya mvua yana uchachu kidogo unaoila marumaru taratibu. Ili kulinda uso wa namna hiyo, Wagiriki wa kale walipaka sanamu zao nta na mafuta, na mwanzoni mwa karne ya 19 Daudi naye akapakwa nta.

Nta hiyo ndiyo iliyoleta balaa. Mwaka 1843 mchongaji Aristodemo Costoli, mtu wa fani kabisa, alipewa kazi ya kuiondoa, akatumia tindikali ya haidrokloriki. Tindikali hiyo ikigusa marumaru hutoka povu papo hapo, na povu hilo ni dalili ya jiwe lenyewe kuyeyuka. Nta ikatoka na ngozi ya Michelangelo ikatoka nayo, vitundu vikabaki wazi kunyonya maji na masizi.

Miaka 30 baadaye Daudi alivutwa juu ya reli hadi jumba la makumbusho la Accademia, anakokaa mpaka leo. Kule mlangoni mwa Palazzo Vecchio ikawekwa nakala mwaka 1910.

Alipotakiwa kusafishwa tena mwaka 2003, ulizuka ugomvi kuhusu njia ya kutumia. Fundi Agnese Parronchi alitaka njia kavu tu, kama brashi na pamba, na alipokataliwa akajiuzulu. Cinzia Parnigoni akashika kazi kwa maji yaliyokenekwa: aliweka karatasi nyembamba juu ya jiwe, akaikandika udongo na nyuzi za karatasi zilizoloweshwa, uchafu ukafyonzwa bila kusuguliwa. Wakosoaji walihofia maji yatapenya kwenye vitundu vilevile vilivyoachwa wazi na Costoli.