Waya wa njano, waya mweupe na sauti ya babu

Jamani, kwenye kipindi kilichopita niligusia ile kanda ya babu nikasema ntaiandika vizuri. Basi hii hapa. Ni habari ya nyaya za TV, lakini ndani yake imo na habari yetu sisi.

Kanda yenyewe ni ya VHS. Ilirikodiwa 1991, babu alipokwenda Unguja kuwaona ndugu zake kwa mara ya kwanza tokea 1964. Sisi tuko Ibra. Babu keshafariki, na bibi kumbukumbu zinaanza kumtoroka. Ramadhani iliyopita akaniambia, "Mwanangu, nataka kumsikia." Hakusema kumwona. Alisema kumsikia.

Deki tunayo, ilikuwa stoo. Shida ilikuwa TV. TV mpya imejaa matundu ya HDMI, na deki haina hata moja. Deki ina vitundu vitatu vya duara: cha njano ni cha picha, cheupe ni sauti ya kushoto, chekundu sauti ya kulia. Plagi zake huitwa RCA, kifupi cha Radio Corporation of America, kampuni ya Marekani iliyozileta miaka ya 1930 kwa ajili ya gramafoni na redio. HDMI ilitoka 2002, nayo hubeba picha na sauti pamoja kwa waya mmoja.

Nikakimbilia dukani, nikanunua kikasha cha kubadilisha. Nikachomeka. Kioo cheusi. Nikampigia ami yangu wa Nizwa, yeye ndo fundi wetu wa kila kitu.

"Hebu nisomee kilichoandikwa juu yake."

"HDMI kwenda AV, ami."

"Sasa wewe unataka AV kwenda HDMI! Umeona wapi maji ya falaji yakapanda?"

Mliofika Nizwa mkaiona Falaj Daris mtamuelewa. Maji hutoka kwenye kisima cha mama yakaenda shambani, hayarudi nyuma. Deki ni kisima, TV ni shamba. Kwa hiyo waya hutoka palipoandikwa OUT ukaingia palipoandikwa IN, na kikasha nacho kina upande wake wa kuingilia na wa kutokea.

Tena akaniambia kikasha sikihitaji. TV nyingi za sa hivi hazina tundu la njano peke yake, limechanganywa na la kijani. Nikachomeka njano kwenye kijani, picha ikaja, lakini nyeusi na nyeupe.

Bibi akashtuka. "Mbona kanga zimekufa rangi? Sisi TV ya rangi tuliiona kwetu Unguja!"

Hapo ndo nikajifunza mawili. La kwanza, tundu la kijani hutumikia mifumo miwili. Kwenye mfumo wa component picha hugawanywa nyaya tatu, na wa kijani hubeba mwangaza tu. Mimi kwenye rimoti nilikuwa nimechagua Component, kwa hiyo TV ikachukua mwangaza ikaacha rangi. Nikabadilisha ikawa AV, kanga zikarudi na rangi zake.

La pili, bibi kasema kweli. Yeye alibaki Unguja hadi 1975. Televisheni ya Zanzibar ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ilikuwa ya kwanza ya rangi Afrika kusini ya Sahara. Tanzania Bara wao walisubiri mpaka miaka ya 1990. Televisheni ya Oman ilianza tarehe 17 Novemba 1974. Wengi wetu tumekua tukidhani wazee walitoka kwenye kibatari wakaja kwenye umeme. Kumbe wengine waliacha TV ya rangi nyuma yao.

Na kote kuwili mfumo ni PAL, uliobuniwa Ujerumani miaka ya 1960, wenye mistari 625. Ndo maana kanda ya Unguja inacheza Ibra bila tabu. Walio na jamaa Marekani wanajua: kule ni NTSC, mistari 525, na kanda ya harusi ikitumwa kutoka huko picha ilikuwa inacheza ngoma, mpaka upate deki inayosoma mifumo yote.

Lakini sauti bado hamna. Babu anazungumza, midomo inakwenda, kimya. Bibi ameshika tasbihi, anatazama. Nikachungulia nyuma ya TV. Kulikuwa na jozi mbili za nyeupe na nyekundu, na mimi nimechomeka kwenye ile ya OUT, ya kupeleka sauti kwenye spika. Kosa lilelile la falaji. Nikahamisha.

"Washa basi. Ishawaka? Haya, mnaniona?"

Bibi akacheka mpaka machozi. "Huyo. Huyo huyo."

Tukairejesha mara nne. Siku ya pili nikanunua kikasha cha AV kwenda USB, nikaihifadhi kwenye kompyuta.

Nanyi tazameni makabati ya kwenu. Kampuni ya Funai ya Japani iliacha kutengeneza deki za VHS mwaka 2016, na utepe wa kanda huchakaa hata ukikaa bila kuguswa. Anzeni na kanda ambayo mwenye kuisikiliza bado yupo.