Kalafati na Deheni

Mwenye kununua mashua kongwe, ambayo mbao zake zimekaa juani muda mrefu hata mianya ikafunguka baina yake, hana budi kuyajua barabara maneno mawili ambayo siku hizi huchanganywa pasipo haja. Kukalafati ni kuziba mianya kwa pamba iliyosokotwa ikatiwa mafuta, kisha ikashindiliwa kwa patasi butu na nyundo. Wareno nao humwita fundi wa kazi hiyo calafate. Deheni, lenye asili ya Kiarabu duhn, yaani mafuta, ni shahamu iliyochanganywa na chokaa, ambayo hupakwa nje, chombo kikiisha kupwelezwa, ili kuukinga ubao na wadudu wa baharini wautoboao.

Waandishi wasemao “kuziba nyufa” kwa kazi zote hizi wanaidhulumu lugha, tena wanamdhulumu fundi. Kwani ufa ni aibu ya ubao, ilhali mwanya wa maungio ameuacha yeye kwa makusudi, akijua kwamba ubao ukinywa maji utafura na kuibana pamba, ndiyo sababu mashua iliyokalafatiwa vema huweza kuvuja ikishushwa majini, kisha ikakoma yenyewe.