Kikosi cha Babu

Katika pwani yetu, toka Tanga hata Pangani na Ushongo, mjukuu aweza kusikia nyumbani ya kuwa babu yake alitumika vitani "kwenye ndege za majini". Neno husemwa, kisha huachwa papo hapo, na mtoto hukua asijue ni ndege zipi wala vita gani. Leo twataka kulieleza, kwa maana ndege hizo zilikuwako kweli, na habari zake zaweza kutafutwa.

Katika Vita Kuu ya Pili jeshi la anga la Uingereza lilikuwa na Kikosi cha 259. Kilianzishwa Kipevu, Mombasa, mwezi wa Februari 1943, na mwaka ule ule makao yake yakahamishiwa Dar es Salaam. Bahari ya mbele ya Ushongo na kisiwa cha Maziwe imo kati ya bandari hizo mbili. Ndege zake ziliitwa Catalina, nazo ziliundwa Marekani: tumbo kama la mashua, bawa refu la futi 104 juu yake, na injini mbili. Hazikuhitaji uwanja, zilitua majini kama ndege wa pwani, na ziliweza kukaa angani tangu alfajiri hata usiku bila kushuka.

Kazi yao ilikuwa kuzitafuta nyambizi, yaani merikebu zipitazo chini ya maji. Tarehe 20 Agosti 1943, kusini ya Bukini, ambayo ndiyo Madagascar, Catalina moja ya kikosi hicho iliikuta nyambizi ya Kijerumani, U-197, ikaijeruhi. Haikuiacha: ilizunguka juu yake ikiwaita wenzake, hata ikaja Catalina ya Kikosi cha 265 ikaimaliza. Watu wote 67 waliokuwamo wakafa. Lakini bahari ni pana, na ndege zilikuwa chache. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikienda Ceylon, ilizamishwa karibu na visiwa vya Maldives na nyambizi ya Kijapani. Walikufa watu 1,297, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki.

Vikosi vingi vya jeshi lile vilikuwa na alama zao na maneno yao. Alama ya Kikosi cha 259 ni tai amkamataye mkunga wa baharini, na mvuvi wa Ushongo hahitaji kuambiwa maana yake, kwani amjua mkunga alivyojificha pangoni mwake. Neno lake liliandikwa kwa Kiswahili: "Haya ingia napigane". Mwalimu wa shule pengine angelisahihisha. Sisi twaona ni maneno ya watu wa kazi, yaliyookotwa gatini penye mashua na mapipa ya mafuta, wala hayakutoka London.

Basi mjukuu atafute wapi? Kila kikosi kililazimika kuandika kitabu cha kazi zake. Fomu 540 ilitoa habari za siku kwa siku, na Fomu 541 ilitaja kila safari, majina ya warukaji, saa ya kupaa na saa ya kutua. Vitabu hivyo vimehifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, London, chini ya alama AIR 27. Lakini fomu ile ya safari iliwekwa kwa ajili ya warukaji. Aliyevuta kamba, aliyetia mafuta, aliyepika chakula cha saa kumi na mbili angani, hakuwa na mstari wake. Hapo ndipo mjukuu wetu atakapokwama, na twaona ni jambo zito, maana bila watu hao hakuna ndege ambayo ingeondoka majini.

Kwa hiyo aanze na sanduku la nyumbani. Nishani peke yake haitoshi, kwani nishani za Uingereza za vita ile kwa kawaida zilitolewa bila jina. Cheti cha kuachiwa kazi chafaa zaidi, kwa kuwa kina namba. Kisha awaulize wazee waliomsikia babu akisimulia: Je, alitaja Kipevu au Dar es Salaam? Na mwaka gani? Akiwa alirudi nyumbani kabla ya 1943, kikosi hiki hakikuwako bado. Akiwa alibaki baada ya tarehe 30 Aprili 1945, kilikuwa kimekwisha vunjwa, na itampasa kuuliza habari za kikosi kingine.